Vipuri vya Kompyuta Chakavu: Kuviuza Vilivyo au Kutafuta Dhahabu Iliyomo Ndani?

Katika vibanda vya mafundi wa kompyuta na simu vilivyo karibu na stendi, chini ya meza au nyuma ya mlango, hakukosekani gunia. Ndani yake mna madabodi zilizoungua, vijiti vya RAM, prosesa zilizopinda miguu, saketi za simu za zamani na nyaya zilizokatwa vichwa. Fundi halitupi gunia hilo kwa sababu anajua lina thamani. Wala haliuzi, kwa sababu hana hakika thamani hiyo ni kiasi gani. Siku hizi yapo maneno yanayomfikia kwa video za simu na kwa vinywa vya wapita njia: kwamba ndani ya gunia lile mna dhahabu, na kwamba ndoo moja ya asidi yatosha kuitoa.

Maneno hayo ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoponza watu. Dhahabu imo. Lakini kuwamo kwake ni jambo moja, na kumpatia faida anayeitafuta ni jambo jingine. Makala hii inaeleza dhahabu hiyo ni kiasi gani, ni lini kipuri kina thamani zaidi kikiuzwa kilivyo, ni lini kipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki, na kwa nini ua wa nyumba usigeuzwe kuwa mwalo wa kuchenjulia dhahabu.

Dhahabu inatafuta nini ndani ya kompyuta

Mkazi wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa dhahabu ni nini. Anaijua kwenye jiwe, kwenye karasha, kwenye mwalo na kwenye marudio. Ndani ya kompyuta, hata hivyo, dhahabu imewekwa kwa kazi tofauti. Shaba hupitisha umeme vizuri na bei yake ni nafuu, lakini hupata kutu. Na mahali ambapo vipande viwili vya chuma hugusana ili kupitisha umeme, kutu kidogo tu hukata mawasiliano. Dhahabu haipati kutu. Kwa hiyo watengenezaji hupaka utando mwembamba wa dhahabu juu ya shaba na nikeli katika sehemu za kugusana: kwenye meno ya kijiti cha RAM, kwenye miguu ya prosesa, kwenye vitundu vya kuchomekea kadi na nyaya.

Mahali pa pili ni ndani ya chipu zenyewe. Kwa miaka mingi chipu ziliunganishwa na miguu yake kwa nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Bei ya dhahabu ilipopanda katika miaka ya 2000, viwanda vingi vilianza kutumia nyuzi za shaba badala yake. Ndiyo maana kifaa cha zamani mara nyingi kina dhahabu nyingi kuliko kifaa kipya cha aina ileile.

Hesabu ya kijiti kimoja cha RAM

Njia bora ya kupima maneno ya mtaani ni kupiga hesabu. Kijiti cha RAM cha aina ya DDR3, kilichokuwamo katika kompyuta nyingi za mezani zilizonunuliwa kati ya miaka ya 2008 na 2015, kina meno 240, yaani 120 kila upande. Kila jino lina eneo lisilofika milimita 2 za mraba. Meno yote kwa pamoja, basi, hayafiki sentimita 5 za mraba, ambazo ni kama ukubwa wa stempu ndogo ya posta.

Utando wa dhahabu juu ya meno hayo, ukiwa wa kiwango kizuri, una unene wa takribani mikromita 0.75. Mikromita moja ni sehemu moja katika sehemu elfu za milimita. Unywele wa kichwani ni mnene karibu mara mia kuliko utando huo. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa gramu 19.3. Ukizidisha eneo kwa unene, kisha ukazidisha kwa uzito huo, jibu ni takribani gramu 0.007.

Chukua bei ya mfano ya Sh 300,000 kwa gramu moja. Msomaji anaweza kuweka bei ya siku ya soko la madini la mkoa wake. Gramu 0.007 ina thamani ya Sh 2,100. Hiyo ndiyo dhahabu ya meno yote ya kijiti kimoja, endapo hakuna hata chembe itakayopotea, na kabla ya kulipia asidi, mkaa na muda wa kazi. Ili kupata gramu moja, vinatakiwa vijiti zaidi ya 140. Dhahabu iliyobaki imo ndani ya chipu, imefungwa katika plastiki ngumu ambayo haifunguki mpaka isagwe au ichomwe.

Kijiti hichohicho, kama bado kinafanya kazi, kinaweza kuirudishia uhai kompyuta ya mwanafunzi au ya katibu muhtasi ambayo imekuwa nzito. Hakuna fundi anayekiuza kijiti kizima kwa bei ya soda mbili. Mtu anayekitumbukiza kwenye asidi amevunja chungu kizima ili auze udongo wake.

Umri wa kifaa ndio mwamuzi wa kwanza

Kutokana na hesabu hiyo kunapatikana kanuni nyepesi. Thamani ya kutumika na thamani ya dhahabu hazisafiri pamoja. Kadiri kifaa kinavyokuwa kipya, ndivyo kinavyohitajika na watumiaji na ndivyo dhahabu yake inavyokuwa haba. Kadiri kinavyozeeka, watumiaji hupungua, na dhahabu hubaki palepale ilipokuwa.

Vipuri vya kompyuta nyingi zinazopatikana leo katika ofisi, shule na maduka ya kata viko upande wa kwanza. Vijiti vya RAM, diski za kuhifadhia kumbukumbu, skrini, chaja, kibodi, feni na prosesa za miaka ya karibuni vina soko vikiwa vizima. Hata madabodi iliyokufa inaweza kuwa na thamani kwa fundi mwenzake anayetafuta soketi moja, swichi moja au chipu moja ya kuokoa kifaa kingine.

Upande wa pili wapo wazee wachache. Prosesa ya Pentium Pro iliyotoka mwaka 1995, yenye umbo kubwa na mwili wa kauri, inajulikana kuwa na dhahabu karibu theluthi ya gramu, kiasi ambacho ni kikubwa sana kwa kipuri kimoja. Hata hapo haraka haifai. Duniani wapo watu wanaokusanya vifaa vya kale vya kompyuta kama wengine wanavyokusanya sarafu na stempu. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971, ya kwanza kuuzwa sokoni kama kichakataji kamili katika chipu moja, hununuliwa na wakusanyaji hao kwa mamia ya dola ikiwa katika toleo lake la kauri nyeupe na haijaharibika. Dhahabu iliyomo ndani yake haifikii thamani hiyo hata kwa mbali. Mwenye kukuta kipuri cha kauri chenye kifuniko cha rangi ya dhahabu katika stoo ya zamani akiweke kando, akipige picha, asome maandishi yaliyoandikwa juu yake na kuuliza kwanza.

Gramu kwa tani: lugha inayowapotosha wengi

Wachimbaji wadogo wamezoea kupima jiwe kwa gramu katika tani. Jiwe lenye gramu chache kwa tani linaweza kuchimbwa kwa faida. Kwa hiyo mchimbaji anaposikia kwamba tani moja ya madabodi za kompyuta inaweza kuwa na dhahabu ya gramu 100 au zaidi, moyo wake hudunda. Takwimu hiyo si ya uongo. Kinachosahaulika ni tani yenyewe.

Madabodi moja ya kompyuta ya mezani ina uzito wa kati ya nusu kilo na kilo moja. Tani moja ya madabodi, basi, inahitaji kompyuta elfu moja hadi elfu mbili. Kukusanya kompyuta mbovu elfu moja katika kata moja ni kazi ya miaka, ilhali jiwe la tani moja hutoka shimoni kwa siku chache.

Mfano unaoonesha ukubwa wa kazi hiyo ni wa Japani. Kati ya Aprili 2017 na Machi 2019, nchi hiyo ilikusanya vifaa vidogo vya kielektroniki kutoka kwa wananchi ili kutengeneza medali zote za Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo 2020, zipatazo 5,000. Serikali za mitaa zaidi ya 1,600 zilishiriki kwa kuweka masanduku ya kukusanyia. Vilipatikana vifaa vya uzito wa takribani tani 79,000, zikiwamo simu za mkononi zipatazo milioni 6.2. Dhahabu iliyotoka humo ilikuwa kilo 32. Hata tukichukulia kwamba dhahabu yote hiyo ilitoka kwenye simu peke yake, kila simu ilitoa wastani wa gramu 0.005 tu.

Japani ilifanikiwa kwa kufuata hekima ambayo wahenga wa pwani na bara wanaijua: haba na haba hujaza kibaba. Vifaa vilikusanywa kutoka nchi nzima, vikapelekwa katika viwanda vyenye tanuru na mitambo ya kusafisha moshi. Hakuna aliyeambiwa achemshe simu yake nyumbani.

Ua wa nyumba si kiwanda

Viwanda vinavyotoa dhahabu katika taka za kielektroniki, kama kile cha Umicore kilichopo Hoboken nchini Ubelgiji, huyeyusha madabodi pamoja na shaba katika joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Shaba iliyoyeyuka hubeba dhahabu na fedha, ambazo hutenganishwa baadaye. Moshi wake hupitishwa katika mitambo ya kuusafisha kabla haujatoka nje. Kwa njia hiyo viwanda hivyo hupata zaidi ya asilimia 90 ya dhahabu iliyomo.

Watafiti waliopima kazi ya namna hiyo inayofanywa kwa ndoo na asidi katika mji wa Bangalore nchini India walikuta kwamba inapatikana takribani robo tu ya dhahabu. Sehemu iliyobaki huenda na maji machafu, hubaki katika chipu zisizofunguka, au hupotea katika mchanganyiko wa shaba, bati na nikeli. Kwa hiyo zile Sh 2,100 za kijiti kimoja, mikononi mwa mtu wa uani, ni kama Sh 500.

Hasara hiyo ya fedha ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya afya. Mchanganyiko wa asidi ya naitriki na asidi ya haidrokloriki unapokutana na metali hutoa moshi wa rangi ya kahawia. Moshi huo una tabia ya hila: anayeuvuta anaweza kukohoa kidogo, akapata nafuu, akala chakula cha jioni na kulala, saa kadhaa baadaye mapafu yake hujaa maji. Wapo wanaofikia hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu walidhani yamekwisha. Kuchoma madabodi na nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu za dioksini, ambazo hukaa ardhini na katika mafuta ya wanyama kwa miaka mingi. Kuku anayedonoa katika majivu hayo huziingiza sumu hizo katika mayai yake.

Wengine hudhani zebaki na sayanidi, kwa kuwa zimezoeleka kwenye mialo, zinafaa pia hapa. Zebaki hunasa dhahabu, lakini hunasa pia bati na madini ya risasi yaliyomo katika lehemu, na mvuke wake unapochomwa huingia mapafuni mwa kila aliye karibu. Mkataba wa Kimataifa wa Minamata, ambao Tanzania ni mwanachama wake, ulianza kutumika mwaka 2017 kwa lengo la kupunguza na hatimaye kuondoa matumizi ya zebaki. Sayanidi na asidi za viwandani nazo husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003. Si bidhaa za kununuliwa kwa kificho na kuhifadhiwa chini ya kitanda.

Hatari kubwa kuliko zote haina harufu wala moshi. Ni madini ya risasi. Lehemu iliyotumika katika vifaa vya zamani ina risasi ya zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na televisheni na skrini za zamani zenye mgongo mrefu zina risasi nyingi katika vioo vyake. Vumbi lake hukaa katika nguo, katika mikono na katika sakafu ya udongo ambako mtoto hutambaa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi huharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Jambo hili lilikwisha kutokea mahali ambapo watu walikuwa wakitafuta dhahabu nyumbani. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, familia zilikuwa zikisaga mawe ya dhahabu katika nyua za nyumba zao. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Watoto walianza kupata degedege na kufariki, na wazazi hawakujua sababu. Madaktari Wasio na Mipaka walipofika na kupima damu, ilibainika kuwa ni sumu ya risasi. Watoto wasiopungua 400 walipoteza maisha. Wazazi wao hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitafuta riziki karibu na watoto wao, kama wazazi wengi wanavyofanya. Kilichokosekana ni kujua kwamba kazi ile haipaswi kukaa chini ya paa moja na mtoto. Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga walisema. Lakini huko Zamfara mauti hayakumfuata mwenye kutafuta. Yaliwafuata watoto.

Namna ya kuamua, hatua kwa hatua

Mwenye gunia la vipuri anaweza kufuata mpangilio huu.

Kwanza, apime. Kila kipuri kijaribiwe katika kompyuta inayofanya kazi. Kinachofanya kazi kiwekewe alama na kuhifadhiwa katika mfuko mkavu. Kijiti cha RAM ambacho hakisomi, mara nyingi kinachohitajika ni kusugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli. Uchafu ukitoka, huwaka.

Pili, auze kilicho kizima kama kipuri. Aulize bei kwa mafundi wasiopungua watatu kabla ya kukubali ya kwanza. Ampe mnunuzi nafasi ya kukijaribu, amwandikie stakabadhi na abaki na nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara ya vifaa vya mkono wa pili, daftari ndilo linalomtofautisha mfanyabiashara na mpokeaji wa mali ya wizi.

Tatu, atenge kilichokufa kwa daraja. Madabodi, RAM, prosesa na saketi za simu ziwe fungu moja, kwa sababu hizo ndizo zenye meno na miguu ya dhahabu. Saketi za kahawia za pawasaplai, redio na televisheni ziwe fungu jingine, kwani dhahabu yake ni haba sana. Mafungu yakichanganywa, mnunuzi hutoa bei ya fungu la chini kwa gunia zima. Nyaya zitengwe pia, na ganda lake livuliwe kwa kisu, lisichomwe.

Nne, asivunje wala kung'oa. Saketi iliyokatwa meno au kung'olewa chipu hupungua thamani kwa mkusanyaji, kwa kuwa anajua sehemu nzuri imekwisha kuondolewa. Saketi nzima ikae kavu, mbali na mvua na mbali na watoto.

Tano, aungane na wengine. Gunia moja halimleti mkusanyaji kutoka mjini; magunia kumi ya mafundi kumi yanaweza kumleta. Mafundi wa stendi moja wakipima pamoja, kila mmoja akaandika kilo zake, wana nguvu ya kujadili bei ambayo mmoja peke yake hana.

Sita, auze kwa mwenye kibali. Kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na kielektroniki za mwaka 2021, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinamtaka anayekusanya, kusafirisha au kurejeleza taka hizo awe na kibali kinachosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Muuzaji ana haki ya kuomba kukiona kibali hicho kabla ya kupakia mzigo. Usafirishaji wa taka hizo kwenda nje ya nchi nao una utaratibu: tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zivuke mipaka kwa ridhaa ya maandishi ya nchi inayozipokea.

Betri zilizovimba, skrini za zamani zenye mgongo mrefu na katriji za wino za mashine za kuchapia na kudurufu zisiingizwe katika mafungu hayo. Betri iliyovimba isitobolewe wala kubanwa, kwani huweza kuwaka moto. Ihifadhiwe peke yake juu ya mchanga mkavu hadi ikabidhiwe.

Kabla kifaa hakijatoka mkononi

Diski ya kompyuta hubeba mambo ya watu. Kufuta faili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi. Huondoa jina lake tu katika orodha, na mtu mwenye programu ya kurejesha huyapata yote. Picha za familia, namba za vitambulisho, orodha za wagonjwa wa zahanati na matokeo ya wanafunzi vimewahi kupatikana duniani katika diski zilizouzwa mnadani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamwajibisha anayehifadhi taarifa za watu kuzilinda. Diski ifutwe kwa programu inayoandika upya juu ya sehemu zote. Na kama haifanyi kazi, sahani zake zitobolewe na fundi anayejua kazi hiyo.

Kompyuta za shule, zahanati na ofisi za umma zina sharti jingine. Hata ikiwa imekufa na imejaa vumbi stoo, kompyuta hiyo ni mali ya umma iliyoandikwa katika daftari la mali. Mkuu wa shule au mfawidhi wa zahanati hawezi kuiuza wala kuigawa vipuri kwa uamuzi wake. Anapaswa kumwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ili ikaguliwe, ifutwe katika daftari kwa utaratibu na iuzwe au iteketezwe kwa kibali. Mwananchi anayeuziwa vifaa vyenye namba za mali ya Serikali bila hati aelewe kwamba kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, hata kama bei ilikuwa nzuri.

Mahali pa kuuliza

Mkazi mwenye vifaa chakavu aanze na ofisi ya Mtendaji wa Kata, ambako ataelekezwa kwa Afisa Mazingira wa Halmashauri. Afisa huyo ndiye anayeweza kuthibitisha kama mnunuzi aliyefika mtaani ana kibali. Afisa TEHAMA wa Halmashauri anaweza kumwelekeza mwananchi namna ya kufuta diski. Anayeona moshi wa madabodi au nyaya zinazochomwa, au kunusa asidi katika makazi, atoe taarifa kwa Afisa Afya wa Kata au kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Kijiji. Taarifa hiyo si uadui kwa jirani. Mara nyingi jirani huyo hajaambiwa na mtu yeyote kile anachokivuta.

Aliyevuta moshi wa asidi atolewe mara moja kwenye hewa safi. Aliyemwagikiwa aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, na nguo zilizolowa zivuliwe. Wote wawili wapelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama wanasema wamepona, na mhudumu aelezwe wazi ni kemikali gani iliyotumika. Mtoto aliyekuwa akiishi au kucheza mahali ambapo kazi hiyo ilifanyika naye apelekwe, ingawa haoneshi dalili yoyote.

Gunia lililo chini ya meza ya fundi, basi, lina faida yake. Faida hiyo iko kwanza katika vipuri ambavyo bado vinafanya kazi, kisha katika kilo za saketi zilizotengwa vizuri na kuuzwa kwa mwenye kibali. Dhahabu iliyomo itatolewa na wenye tanuru, na bei yake itamfikia fundi kupitia mizani. Mkaa aliokusudia kuuwashia ndoo ya asidi ubaki jikoni, kwa kazi ya kupikia watoto.